Sanduku la Wasomaji: Dhahabu ya kumbukumbu ya Marekani, 1903 hadi 1926

Tulipoandika kwa ufupi kuhusu sarafu ndogo za dhahabu ambazo Marekani ilizifua kati ya 1903 na 1926 kwa ajili ya maonyesho makubwa na kumbukumbu za watu wake mashuhuri, barua zilianza kumiminika. Leo tunajibu saba kati ya hizo.

Nianzie wapi?

*Habari za kazi, mhariri. Nimekusanya sarafu za Afrika Mashariki kwa muda mrefu, kuanzia senti za zamani zenye tundu hadi shilingi zetu. Sasa natamani dhahabu ya Marekani, ila mfuko wangu si wa tajiri. Seti nzima ina sarafu ngapi, na ipi ninunue kwanza? – Msomaji, Jinja*

Seti kamili ina sarafu 13. Ukiziweka kando zile mbili kubwa za dola 50, zinabaki 11, na wakusanyaji wengi huishia hapo. Tisa ni za dola moja: Jefferson na McKinley za 1903, Lewis na Clark ya 1904 na ya 1905, Panama-Pacific ya 1915 (ya maonyesho ya San Francisco), McKinley ya 1916 na ya 1917, na Grant za 1922 ambazo ni mbili, moja ina nyota na nyingine haina. Zilizobaki ni mbili za dola mbili na nusu: Panama-Pacific ya 1915, na ile ya 1926 iliyoadhimisha miaka 150 ya uhuru.

Anza na ya 1926. Zilifuliwa zaidi ya 200,000 kule Philadelphia, wanunuzi wakakosekana, na zaidi ya 154,000 zikarudishwa kuyeyushwa. Zilibaki kama 46,000, na hakuna nyingine katika kundi hili iliyobaki kwa wingi huo. Utaipata bila kuhangaika, na itakuwa mwalimu wako wa kwanza. Mchoro wake, kazi ya John R. Sinnock, hauna kina, kwa hiyo hata msuguano mdogo huonekana. Tazama ncha ya chini ya hati iliyokunjwa mkononi mwa yule mwanamke aliyesimama: hapo ndipo panapoanza kulika.

Kuhusu daraja: sarafu hupimwa kwa alama 1 hadi 70, na zile ambazo hazijatumika huanzia 60, zikiandikwa MS-60 na kuendelea. Kwa mfuko wa kawaida tunashauri MS-62 hadi MS-64. Kutoka 64 kwenda 65 bei huruka, na tofauti yenyewe huenda ikawa mikwaruzo miwili mitatu ambayo hutaiona bila lenzi. Kwa sarafu ya 1926 mruko mkubwa zaidi uko kwenye MS-66, kwa sababu chache mno zilitoka kiwandani zikiwa safi kiasi hicho.

Baada ya hiyo nunua zile mbili za 1903. Zilitolewa kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis, miaka 100 tangu Marekani iinunue Louisiana kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803. Zilifuliwa 125,000 za kila sura, zikauzwa dola 3 kila moja ilhali thamani iliyoandikwa ni dola 1. Watu walikataa, na leo hesabu ni 17,500 kwa kila sura. Kisha nenda kwa Grant, McKinley ya 1916 na dola ya 1915. Za mwisho ziwe McKinley ya 1917, Lewis na Clark ya 1905 ikiwa unaitaka katika hali nzuri, na dola mbili na nusu ya 1915, ambayo zilibaki 6,749 tu.

Na kwa kuwa unakusanya za nyumbani: usisahau kwamba Uganda nayo ina dhahabu yake ya kumbukumbu, ile ya ziara ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1969, iliyofika hadi kipande cha shilingi 1,000. Usafi wa dhahabu yake ni sawa na wa hizi za Marekani, 900 kwa 1,000. Mkusanyaji wa Uganda mwenye hizi mbili kando kwa kando ana kitu cha kuonyesha.

Asidi imesema ni dhahabu. Je, ni halisi?

*Mimi ni mpimaji, nanunua dhahabu ya wachimbaji hapa Busia. Kijana ameniletea sarafu ya dola moja, ina sura ya mtu mwenye kofia na mwaka 1915. Nikiisugua kwenye jiwe na kuitia asidi, ni dhahabu safi kabisa. Niinunue kama ya kale? – Msomaji, Busia*

Ndugu, simama hapo hapo, na jiwe liweke mbali. Ukiisugua sarafu hiyo umeshaiharibu: ukingo unapoteza meno yake, na hakuna kampuni ya kupima itakayoipa daraja safi tena. Lakini kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba dhahabu halisi ni sarafu halisi. Waghushi wengi wa sarafu hizi hutumia dhahabu ya kweli, tena yenye usafi sawasawa. Dola moja ina gramu 1.5 tu za dhahabu, na faida yao iko kwenye tofauti kati ya bei ya dhahabu hiyo na bei ya mkusanyaji. Asidi haiwezi kuwakamata. Hata mashine ya miale inayosoma karati haitawakamata.

Hivi ndivyo tunavyopima, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mizani. Dola moja ina uzito wa gramu 1.672 na upana wa milimita 15. Dola mbili na nusu ina gramu 4.18 na milimita 18. Mizani yako ya gramu yenye desimali mbili ikisoma 1.67, sawa. Ikisoma chini ya 1.65 kwa sarafu inayodaiwa haijatumika, irudishe. Ukitumia mashine ya karati, tarajia 21.6, kwa sababu ni sehemu 900 za dhahabu na 100 za shaba. Ikisoma 22 kamili au 18, kuna mkono wa sonara hapo.

Watu hupenda kupima pia ndani ya maji, na kwa kipande kikubwa njia hii ni nzuri. Kwa dola moja itakudanganya. Dhahabu ya aina hii ina msongamano wa kama gramu 17.2 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo dola moja inasukuma maji ya gramu 0.097 tu. Kwenye mizani ya desimali mbili utasoma 0.09 au 0.10, na tofauti hiyo moja inakupeleka kutoka msongamano wa 18.6 hadi 16.7. Kama huna mizani ya desimali tatu, usipoteze muda.

Pili, mpangilio wa pande. Ishike kwa vidole viwili, kushoto na kulia, kisha izungushe ili juu iende chini. Upande wa pili uonekane umesimama wima. Ukiwa umepinduka au umelala upande, hiyo si kazi ya kiwanda cha Marekani.

Tatu, na hapa ndipo kazi ilipo, lenzi ya kukuza mara 10 na taa moja tu, kutoka upande. Waghushi hutengeneza muhuri wao wa kugongea sarafu kwa kunakili sarafu halisi, na sarafu hiyo ilikuwa na mikwaruzo na vishimo vyake. Vishimo hivyo hunakiliwa pia. Sasa angalia ndani ya kishimo: sarafu halisi ikigongwa baada ya kufuliwa, chuma cha ndani ya kishimo hubanwa na kung'aa tofauti na sehemu iliyokizunguka. Kishimo kilichonakiliwa kina ngozi ileile ya sehemu iliyokizunguka, laini, kama sarafu ilizaliwa nacho. Ukiona vishimo viwili au vitatu vya namna hiyo, acha. Tafuta pia vistari vyembamba vilivyoinuka kati ya herufi na ukingo. Hivyo ni alama za kifaa cha mghushi aliyekuwa akirekebisha muhuri wake, kwa sababu mkwaruzo ulio kwenye muhuri hutokea umeinuka kwenye sarafu. Herufi nazo zitazame pembeni: halisi hushuka kwa ukali hadi chini, bandia huwa na mashavu ya mviringo kama sabuni iliyotumika.

Nne, mng'aro. Igeuze polepole chini ya taa. Sarafu isiyotumika hurusha mwanga unaozunguka kama spoku za baiskeli. Bandia nyingi hung'aa sawasawa pande zote, kama zimepakwa mafuta.

Kwa sarafu yako hasa: yule si mchezaji wa mpira, kama wengi wanavyodhani kwa sababu ya kofia. Ni mfanyakazi wa Mfereji wa Panama, aliyechorwa na Charles Keck. Upande wa pili kuna pomboo wawili, na lazima kuwe na herufi S ya kiwanda cha San Francisco. Ikikosekana, mazungumzo yameisha. Ikiwepo, na hatua zote nne zimepita, bado tungelipa bei ya dhahabu tu mpaka itakapopimwa na PCGS au NGC, kampuni mbili za Marekani zinazopima sarafu na kuzifunga kwenye kasha. Huo si woga. Wapimaji hao wana sarafu bandia nyingi za kulinganisha, sisi tuna lenzi moja.

Dada yangu atanunulia Marekani

*Dada yangu anaishi Boston na anaweza kuninunulia kwenye mnada. Tujihadhari na nini, na nitaipitishaje Entebbe? – Msomaji, Kampala*

Mwambie anunue tu zilizofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC. Kampuni hizo zilianza kupima sarafu mwaka 1986 na 1987, na kila kasha lina namba. Namba hiyo iingizwe kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa hata senti. Lakini kuwepo kwa namba hakutoshi. Kuna makasha bandia yenye namba ya kweli iliyonakiliwa kutoka kwa sarafu nyingine. Tovuti ikionyesha picha, linganisha alama: mkwaruzo mmoja shavuni, doa moja karibu na herufi. Alama hizo ni kama alama za vidole, hazifanani kwa sarafu mbili.

Akipiga bei ya dola 500, asidhani atalipa 500. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi ya asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo ni dola 600 kabla ya usafirishaji na bima. Kikomo chenu kipangwe kuanzia mwisho kurudi nyuma: mnataka kutumia jumla kiasi gani, kisha ondoeni ada, ndipo mjue mahali pa kunyamaza.

Akija nayo mwenyewe, iwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na ankara, kamwe isiingie kwenye sanduku linalopakiwa. Atangaze kwa forodha Entebbe. Ikija kwa kifurushi, mtafute wakala wa forodha mapema na mumwulize kwa maandishi, kwa sababu kuna vifungu viwili vinavyoweza kutumika: 7118 kwa sarafu, na 9705 kwa vitu vya wakusanyaji. Ushuru hutegemea kifungu, na wewe ndiye utakayelipia kosa la aliyeandika fomu. Wekeni pia akilini VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18. Ankara iandike mwaka, thamani iliyoandikwa, uzito na namba ya kasha. Ikiandika tu “dhahabu”, utaulizwa maswali ya mfanyabiashara wa madini.

Hifadhi stakabadhi zote za URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) milele. Siku ukitaka kuirudisha Marekani kuiuza, utatakiwa kuonyesha kwamba dhahabu hiyo iliingia nchini, haikuchimbwa hapa.

Grant mwenye nyota

*Kwenye orodha naona Grant ya 1922 yenye nyota na isiyo na nyota. Nyota ina maana gani, na je, ni kweli wengine huichonga wenyewe? – Msomaji, Mbale*

Haina maana yoyote. Waliotoa sarafu hizi kwa miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Ulysses S. Grant waligundua kwamba ukiweka alama ndogo unapata sarafu mbili za kuuza badala ya moja. Msanifu ni Laura Gardin Fraser, na mchoro wake ndio mzuri kuliko zote za dola moja, kwa maoni yetu: ile nyumba ya mbao chini ya miti, kwenye kipande cha milimita 15, ni kazi ya mkono wa pekee.

Za dhahabu zilitoka kama 5,000 za kila aina, kwa hiyo bei zake zinakaribiana, na mghushi hana sababu kubwa ya kuongeza nyota. Hatari iko kwenye nusu dola ya fedha ya mwaka huohuo na mchoro uleule. Huko yenye nyota ni adimu mno kuliko isiyo nayo, na watu hupigilia nyota kwa patasi. Igeuze, utazame mahali palepale kwa upande wa pili. Pigo lililoizamisha nyota hupabapaza chuma kilicho nyuma yake.

Madoa mekundu

*Naishi karibu na ziwa. Sarafu yangu ya McKinley imetokea madoa ya rangi ya kutu. Niisafishe na nini? – Msomaji, Entebbe*

Usiisafishe, mama. Hayo ni madoa ya shaba. Asilimia 10 ya sarafu ni shaba, na pale ambapo haikuchanganyika vizuri, unyevu huitoa juu. Ndimu, soda, dawa ya meno na kitambaa cha sonara vitaondoa doa pamoja na ngozi ya juu ya sarafu, na wapimaji wataandika “imesafishwa” badala ya daraja. Doa dogo linavumilika. Sarafu iliyosuguliwa haivumiliki.

Kinachoruhusiwa ni kimoja: ikiwa kuna utando wa kijani unaonata, huo unatoka kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, na utakula chuma ukiachwa. Nunua asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo ina mafuta na manukato. Mimina kwenye vyombo viwili vya glasi. Iloweke sarafu dakika kumi kwenye cha kwanza, ihamishie cha pili dakika moja, itoe kwa kushika ukingo, uiache ikauke yenyewe. Usisugue, usipanguse. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wake hushika moto upesi. Asetoni haitagusa madoa ya shaba.

Kuhusu kuhifadhi: kasha la kampuni haliingii vumbi lakini hewa hupita. Weka makasha kwenye boksi la plastiki ngumu lenye mpira wa kuziba, pamoja na pakiti za silika jeli zinazobadilika rangi. Kwa hali ya hewa ya Entebbe zikague kila mwezi, na zikigeuka rangi zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Boksi lisikae kwenye kabati la nguo lenye vidonge vya naftalini. Mvuke wake hulainisha plastiki za aina fulani.

Zile kubwa za dola 50

*Kwa nini moja ina pembe nane, na ipi ni adimu? – Msomaji, Arua*

Ya mviringo ndiyo adimu. Mwaka 1915 zilifuliwa 1,500 za kila umbo na chache za majaribio, zikauzwa dola 100 kila moja, mara mbili ya thamani yake. Wageni wa maonyesho walivutiwa na pembe nane, umbo lililokumbusha vipande vya dola 50 vya California vya wakati wa kukimbilia dhahabu, vya mwaka 1851 na 1852. Basi za pembe nane ziliuzwa 645, za mviringo 483, na nyingine zote zikayeyushwa. Mchoro wa Robert Aitken ni mmoja: Minerva mwenye kofia ya vita, na bundi upande wa pili. Ila ile yenye pembe ina pomboo kwenye kila kona.

Kila moja ina gramu 83.59. Kwa kipande hiki kupima majini kunafaa: inasukuma maji ya gramu 4.86 hivi, na mizani ya kawaida itakupa jibu la kuaminika. Usinunue yoyote ambayo haimo ndani ya kasha. Hapa hatuna ubaguzi hata kidogo.

Bruchi ya bibi

*Bibi yetu ametuachia bruchi yenye sarafu ndogo ya dhahabu, Jefferson, 1903. Sonara mmoja amesema ataichomoa na kuinunua kwa uzito. Je, ni bei ya haki? – Msomaji, Mbarara*

Kwanza isichomolewe. Sarafu za St. Louis ziliuzwa pia zikiwa zimepachikwa kwenye vijiko, bruchi na pini, kwa hiyo huenda bruchi yenu ni ya tangu mwanzo na ina thamani yake ikiwa nzima. Tazameni kwa lenzi jinsi ilivyoshikwa. Ikiwa imeshikwa na vijino vilivyokunjwa juu ya ukingo, bahati ni yenu; mtaalamu anaweza kuitoa bila jeraha. Ikiwa imechomelewa, kutakuwa na risasi ya rangi tofauti, hasa juu mahali pa saa 12, na meno ya ukingo yatakuwa yamejaa au yamepotea. Sarafu iliyochomelewa haipati daraja safi, lakini bado huuzwa zaidi ya dhahabu yake, kwa sababu wako wakusanyaji wanaotaka Jefferson na hawawezi kumudu isiyo na kasoro.

Hesabu ya sonara ni hii: gramu 1.672 mara 0.9 ni gramu 1.505 za dhahabu safi. Tuseme gramu moja leo ni shilingi 400,000. Hiyo ni kama shilingi 602,000. Pigieni bei ya siku yenyewe. Akitoa chini ya hapo anawapunja hata kwa uzito. Akitoa hapo hapo, amelipa dhahabu na amechukua sarafu bure. Pigeni picha pande zote mbili na ukingo, kwenye mwanga wa dirisha, mwaka na herufi zisomeke, kisha mzitume kwa wauzaji wawili watatu wa sarafu nje ya nchi kabla ya kujibu chochote. Na fremu isisuguliwe ili ipendeze kwenye picha.